Magunia ya Mama Yaache Stoo



Barua za wachumba na za mawifi nimeziweka kando wiki hii, mnisamehe. Kuna moja iliyoninyima usingizi. Imetoka kwa msichana wa Kiminini aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka jana. Ni mrefu, na mtaani kwao wameshamwita "modo" hadi jina likamkaa. Sasa kuna mtu amempigia simu, akamwambia ana sura ya runinga. Atampeleka Nairobi, ampige picha, amfundishe kutembea, na baada ya miezi 3 ataonekana kwenye kipindi. Yeye atume Sh15,000 tu. Mama yake ana mahindi stoo, alikuwa akingoja bei ipande, na wameshakubaliana kuuza magunia 5. Swali la huyu mtoto kwangu ni kwamba avae nguo ya rangi gani siku ya picha.

Mdogo wangu, habari ya nguo tutafika. Tuanze na magunia.

Katika kazi ya uigizaji na ya mitindo, pesa hutoka kwa mwenye kazi zikaja kwako. Wakala wa kweli hula asilimia ya ulicholipwa, baada ya wewe kulipwa. Anayekudai ada ya fomu, ada ya kujiandikisha, ada ya picha na ada ya mafunzo kabla hujaona hata ukurasa mmoja wa kazi, huyo biashara yake ni wewe. Mtayarishaji anayetafuta waigizaji hutangaza majaribio, wewe huenda, husoma, na hurudi nyumbani bila kuachiwa deni. Nauli ni yako, ndiyo. Zaidi ya nauli, uliza mara mbili.

Nalijua hili kwa mwili wangu. Nikiwa na miaka 19 nilipanda ngazi za jengo moja mjini Kitale, orofa ya 2, nikatoa Sh3,500 kwa watu waliosema wanatafuta nyuso mpya. Walinipiga picha 2 nimesimama mbele ya shuka jeupe, wakanipa kadi yenye jina langu, wakaniambia nirudi Jumanne. Jumanne mlango ulikuwa na kufuli. Dada aliyekuwa akiuza kredi pale chini aliniangalia kwa huruma, akasema wasichana wengine walikuwa wameshakuja asubuhi hiyo. Nilikaa kwenye ngazi zile mpaka jioni kwa sababu sikujua nitaingiaje nyumbani. Zile zilikuwa pesa za karo ya mdogo wangu wa kiume. Mama nilimwambia ukweli miaka 6 baadaye. Ndiyo maana nakuandikia wewe kwanza, kabla ya wachumba na mawifi.

Lakini sitaki ufunge barua hii ukidhani nakwambia ndoto yako ni ya kijinga. Wapo waliotoka kwenye mitindo wakaingia kwenye uigizaji, na njia zao zinajulikana. Chukua mwaka 2006, nchi jirani. Jukwaa moja la Miss Tanzania lilitoa wasichana 2 ambao Afrika Mashariki nzima ingekuja kuwajua. Wema Sepetu alichukua taji, akapeleka bendera ya nchi yake Warsaw, Poland, kwenye Miss World ya mwaka huo. Jokate Mwegelo akawa mshindi wa pili. Wote waliingia kwenye filamu.

Wema aliingia kupitia mkono wa Steven Kanumba, wakaigiza pamoja katika "A Point of No Return". Hapa nataka usome polepole. Kanumba hakuokotwa kwa sababu ya sura, ingawa sura alikuwa nayo. Alitoka Kaole, kundi la sanaa la Dar es Salaam lililokuwa likipeleka michezo ya kuigiza ITV wiki baada ya wiki. Mtu anayeigiza kila wiki, mchezo baada ya mchezo, mbele ya watu wanaomjua mtaani, hupata mazoezi ambayo hakuna picha ya studio inayoweza kuyanunua. Kwa hiyo mrembo wa taifa alipotaka kuigiza, aliyemshika mkono alikuwa mtoto wa kundi. Kanumba alifariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28, na bado vijana wanaoingia kwenye kazi ile wanamtaja.

Kuhusu Wema nina uchungu wangu. Kwa miaka mingi magazeti yaliandika zaidi habari za mapenzi yake kuliko za kazi yake. Msichana akishapewa taji, watu hujiona wana hisa kwenye maisha yake. Ukiitaka njia hii, jua tangu sasa kwamba kuna sehemu ya maisha yako utakayopaswa kuifungia kabatini na ufunguo ukae nao wewe, kwa sababu hakuna atakayekufungia.

Jokate yeye aliligeuza taji kuwa mtaji. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akatangaza kwenye televisheni, akaigiza katika "Chumo", filamu inayozungumzia malaria, akaanzisha chapa yake ya Kidoti, na mwaka 2018 akateuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe. Simwambii kila mtu aende serikalini. Nasema urembo ulimfungulia mlango akiwa na miaka 19, na alipoingia ndani alikuwa na mambo mengine mkononi.

Na yupo aliyepita njia hiyohiyo kinyumenyume. Lupita Nyong'o aliigiza Juliet na Phoenix Players jijini Nairobi akiwa na miaka 14. Filamu ya "The Constant Gardener" ilipopigwa Kenya, alikuwa miongoni mwa vijana wa kutumwatumwa kwenye seti. Mwaka 2009 tukamwona kwenye tamthilia ya "Shuga". Kisha akaenda Chuo Kikuu cha Yale kusomea uigizaji. Oscar aliichukua Machi 2014, na kampuni kubwa ya vipodozi ya Lancôme ikamfanya uso wake mwaka huohuo, baada ya kazi. Msichana mweusi wa asili ya Nyanza, nywele fupi, na dunia ya urembo ndiyo iliyomfuata.

Nikuulize sasa: unajua mwanamitindo na mwigizaji wanatofautiana wapi? Watu hudhani ni kazi moja. Mwanamitindo hufundishwa kuijua kamera iko wapi na taa inaangukia wapi, ageuze shingo kidogo, anyanyue kidevu, ashike pumzi. Uso wake ni lazima upendeze kila sekunde kwa sababu hajui ni sekunde ipi itapigwa. Mwigizaji akifanya hivyo kipindi kimeharibika. Kwenye runinga mama akipewa habari ya kifo cha mwanawe, kamasi hutoka. Mdomo hupinda. Wasichana wengi waliotoka kwenye mitindo hushindwa hapo hasa: wanalia huku wakilinda macho yasivimbe. Mwongozaji anaona, na mtazamaji aliyeketi sebuleni Kanduyi anaona pia, hata kama hajui aiteje.

Hata hivyo wanamitindo huja na mambo ambayo wengine huchelewa kuyapata. Hufika kwa wakati. Hustahimili taa kali na saa 14 za kusimama. Hukubali kuambiwa "rudia" bila kununa, na wameshaambiwa "hapana" mara nyingi kiasi kwamba neno hilo haliwaui. Kama umewahi kutembea kwenye shoo ya mavazi ya chuo au ya kaunti, hayo ndiyo uliyochuma pale, na yana thamani kuliko zile picha.

Kuhusu urefu: majukwaa makubwa ya mitindo ya nje hutaka wasichana wa takriban mita 1.75 kwenda juu, na wengi wetu hatufiki. Runinga haina rula hiyo. Kamera huweza kukuinua, au mwenzako akaketi, na tukaendelea na kazi. Kwa hiyo nyinyi wadogo zangu mlioniandikia kutoka Sirisia na Endebess mkilalamika kuwa wafupi, machozi hayo yafuteni.

Basi huu uigizaji unajifunzwa wapi kama huna Sh15,000? Nilijifunza kwa kukhu wangu, yaani bibi yangu. Tulikuwa tunajiandaa kwa tamasha la drama, shule ya wasichana katika Kaunti ya Bungoma, nikapewa nafasi ya bibi kizee. Nikajifunga leso kichwani, nikashika fimbo, nikaanza kutetemesha mikono. Mwalimu akanisimamisha. Akaniambia niende nyumbani wikendi, nikae uani, nimtazame bibi yangu akiketi chini. Nimtazame tu.

Nilimtazama siku 2. Kukhu hakutetemeka hata kidogo. Aliposhuka kuketi, kwanza mkono wa kushoto uliitafuta ardhi, kiganja kikiwa wazi kama cha mtu anayepapasa mchanga gizani. Kisha goti moja. Kisha akatulia hapo katikati, nusu ameketi nusu amesimama, akaendelea na maneno aliyokuwa akisema kana kwamba kutulia kule ni sehemu ya mazungumzo. Kisha ndipo mwili wote ukashuka na akavuta leso kufunika vifundo vya miguu. Kunyanyuka alifanya hivyohivyo kinyume chake, ila mkono wa kulia ulikuja kiunoni na hakuutoa mpaka hatua ya 4 au ya 5. Jumatatu niliketi hivyo jukwaani na ukumbi mzima ukanyamaza. Nilikuwa na miaka 16. Tangu siku hiyo siwezi kupanda matatu bila kuangalia watu wanavyoshika nauli.

Tamasha la drama la shule na vyuo lipo nchini tangu 1959, siku hizi linaitwa la drama na filamu, na waigizaji wengi unaowaona runingani walianzia hapo. Kama bado uko shuleni, usidharau nafasi ya kubeba kiti. Kama umeshamaliza, tafuta kundi: kanisani, Chuo Kikuu cha Kibabii, kwenye vikundi vinavyoigiza michezo ya afya sokoni. Kitale yetu ina tamasha lake la filamu, Kitale Film Week; nenda ujitolee hata kupanga viti, uone watu wanaotengeneza filamu wanafananaje. Simu uliyonayo inatosha kupiga onyesho la dakika 2. Lipige, lifute, lipige tena.

Na nyinyi wa Bungoma, mna shule nyingine ambayo mnaipita kila mara mkienda matangani. Mzee wa maana akishazikwa, na kumuse, ule mkutano wa kuwafariji wafiwa, ukaitishwa, simama pembeni umtazame yule mwenye kuuswala, yaani kuuhutubia. Hana maikrofoni. Hana karatasi. Anatembea katikati ya watu, anakwenda na kurudi, anawatajia koo na vita na njia waliyopita mababu, na umati mzima unamfuata kwa macho kwa saa nyingi. Waliomsikia Manguliechi akiuswala bado wanasimulia. Mimi ni mwanamke, nafasi ile si yangu, lakini hakuna aliyewahi kunikataza kutazama. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mtu hunyamazisha watu kwa kupunguza sauti.

Hii inanileta kwa kijana wa Chwele, aliyeandika kurasa 3 kwa kalamu nyekundu. Alienda odisheni Nairobi, akasoma vizuri, na mmoja wa waliokuwa mezani akacheka lafudhi yake, akamwambia kwa lafudhi hiyo labda apewe nafasi ya askari wa lango. Anauliza kama anaweza kuiua lafudhi ya Kibukusu.

Kijana wangu, nimekasirika kwa niaba yako. Kwa miaka mingi runinga ya Kenya imemweka Mluhya mahali pawili: langoni akiwa na rungu, au jikoni akiwa na mwiko. Lakini mwangalie vizuri marehemu Charles Bukeko, mtu wa magharibi kama wewe. Katika "Papa Shirandula" pale Citizen alikuwa huyohuyo askari wa lango. Alichofanya ni kumpa yule askari siri: mke wake anaamini mumewe anafanya kazi ofisini. Kwa siri hiyo moja, askari akawa mtu mzima mwenye aibu, hofu na mapenzi, na nchi ikamfuata kila wiki. Jacky Vike naye aliingia kwenye kipindi hichohicho kama Awinja, mfanyakazi wa nyumbani, na leo hakuna anayemwona kama msichana wa pembeni. Bukeko alitangulia mbele ya haki Julai 2020, wakati wa korona, na tangazo lake la Coca-Cola, lile la kutetemeka kwa ubaridi, lilikuwa limeshamvusha mipaka ya Kenya. Sura ile hakuna shirika la mitindo ambalo lingeichagua.

Ushauri wangu kwako: lafudhi usiiue, iongezee ndugu. Tamthilia nyingi zinazoajiri sasa, kama "Selina" na "Maria" zilivyokuwa, ziko kwa Kiswahili. Filamu ya "Subira", iliyopelekwa na Kenya kwenye mashindano ya Oscar, Brenda Wairimu akiwa mbele, ni ya Kiswahili cha pwani. Kwa hiyo soma Kiswahili kwa sauti kila asubuhi, sikiliza taarifa ya habari, mwigize mtu wa Lamu, mwigize mtu wa Nakuru, kisha rudi kwenye sauti yako. Mwenye sauti 3 hupata kazi 3. Na siku wakikupa lango, nenda ukiwa na siri yako mfukoni kama Bukeko.

Kuna wengine 4 walioniuliza kuhusu mkorogo, wakidhani kamera haipendi mtu mweusi. Wadogo zangu, hapa hapa Kitale ndipo magari ya Lodwar yanapopita. Karibu kilomita 300 kutoka hapa alizaliwa Ajuma Nasenyana, mkimbiaji wa Turkana aliyeonekana kwenye shindano la Miss Tourism Kenya mwaka 2003, akaenda kutembea kwenye majukwaa ya Ulaya na Marekani na weusi wake wote. Alirudi akasema hadharani kwamba biashara ya kujichubua inawadanganya wasichana wetu. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na si bure. Zebaki hupenya ngozini ikafika kwenye figo. Mpiga picha asiyejua kupangia taa ngozi nyeusi hajui kazi yake, na hilo ni lake kulirekebisha.

Siku ukipata kazi, kabla ya kutia sahihi soma karatasi yote, na kama huelewi mpelekee mwalimu wako wa zamani. Uliza picha au kipindi kitatumika wapi: runingani tu, au pia kwenye mabango na mitandaoni? Kwa muda gani? Kikirudiwa, unalipwa? Wapo wasichana waliolipwa siku moja na sura zao zikakaa kwenye ukuta wa duka miaka 5. Kuna shirika la haki za watumbuizaji, lililojulikana kama PRISK, na waigizaji pia ni wanachama, si wanamuziki peke yao. Jiandikishe mapema.

Na hili nalisema polepole. Majaribio hufanyika mchana, mahali penye watu, na unaruhusiwa kwenda na mtu wako. Anayekuita chumba cha hoteli usiku, anayekutaka uvue nguo "aone umbo" kwa simu, anayesema nafasi ni yako ukiwa "mwelewa", ondoka. Usibaki kuwa na adabu. Likishatokea baya, si kosa lako, na nambari ya msaada, 1195, hupigwa bure. Ukiwa chini ya miaka 18 piga 116.

Mama yangu wa Webuye, umeuliza kama binti yako akiingia kwenye runinga ataharibika. Shikamoo, mama. Nakuomba umsindikize mara ya kwanza. Keti pale uone wanavyorudia sentensi moja mara 11 kwenye jua. Mimi nilipopata kazi ya kwanza, ya kuvuka barabara na kikapu nyuma ya waigizaji wenyewe, tuliitwa saa 11 alfajiri, nikavuka mpaka jua likazama, nikarudi na miguu iliyovimba. Ni kazi kama kupalilia. Mtoto aliyesindikizwa na mama yake huheshimiwa na kila mtu kwenye seti ile.

Sasa wewe wa Kiminini, ile nguo. Kwa majaribio vaa rangi moja isiyo na maandishi, shati linalokukaa vizuri, nywele zisifunike macho, vipodozi kidogo au usipake kabisa. Picha 2 zinatosha, ya uso na ya mwili mzima, rafiki yako akupige kwa simu mlangoni, asubuhi kabla jua halijapanda. Huyo mtu wa Sh15,000 mwandikie kwamba uko tayari kuja na mama, umwombe jina la kipindi na la mtayarishaji. Ukimya wake utakujibu.

Mahindi mwambie mama asubiri bei yake. Jumamosi hii nenda sokoni, uchague mama mmoja anayeuza, ukae mbali kidogo, umtazame anavyopokea noti, anavyoihesabu, anaiweka wapi, na uso wake unafanya nini mteja akiondoka bila kununua. Jioni jaribu kuwa yeye, mama yako akiwa mtazamaji. Kisha niandikie mkono upi uliotangulia.